Dawa ya Uchovu wa Mama Pacha

Benchi lilikuwa ubao mmoja tu uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, kando ya kibanda cha fundi baiskeli, pale njia ya shule inapokutana na barabara ya sokoni. Ukikaa mwisho wa ubao na mwenzako akainuka ghafla, umekwenda chini, kwa hiyo hakuna aliyeondoka pale bila kuaga. Fundi mwenyewe walimwita Spoku, kwa kuwa mwembamba kama njiti ya gurudumu. Kahawa ilikuwa ya Birika, mtu wa maneno machache na sukari kidogo. Wengine ni watatu. Mahakama, karani wa mahakama aliyestaafu, hata bei ya nyanya aliitolea hukumu. Kocha aliwahi kufundisha timu ya mtaa, nayo ikashuka daraja. Dokta Bando udaktari wake wote aliupata kwenye simu. Bando likiisha, naye anaacha kutibu.

Asubuhi hiyo Spoku alikuwa amepindua baiskeli ya mteja mbele ya benchi, amekaa anazungusha gurudumu la nyuma. Analizungusha, analitazama likisimama, analizungusha tena.

— Hilo gurudumu limekukosea nini? akauliza Mahakama.

— Linayumba.

— Linayumba au unayumba wewe?

Spoku akalizungusha tena. Mkewe, Mama Pacha, hakuwa ametoka kitandani tangu Jumamosi. Wala ugonjwa haukuanza Jumamosi. Mwaka jana alishikwa na homa ya kawaida, ya wiki moja. Homa ikaondoka, nguvu hazikurudi. Yule msusi aliyekuwa anaweza kusimama kutwa nzima na vichwa vya watu, huku akiwasuta na kuwachekesha, sasa akiinua mikono kusuka mistari miwili anakaa chini akihema. Alikuwa analala usiku kucha, anaamka amechoka kuliko alivyolala. Siku moja Spoku alimkuta ameketi sakafuni jikoni, mwiko mkononi, sufuria inaungua, machozi yanamtoka. Si kwamba ameanguka. Alikaa tu kidogo, akashindwa kuinuka.

Hospitali walipima damu, moyo, mkojo, kila kitu. Majibu mazuri. Daktari akawaambia huu ni ugonjwa wa kweli, unaitwa uchovu sugu, na dawa ya kuung'oa bado haijapatikana. Alisema na mengine, lakini Spoku baada ya kusikia "haijapatikana" masikio yake yaliziba. Toka siku hiyo alikuwa anatafuta yeye mwenyewe. Alileta mlonge, akaleta tangawizi, habasoda, asali, mizizi ya kuchemsha na mizizi ya kutafuna. Kingo za dirisha nyumbani zilijaa chupa.

— Shemeji vipi lakini? akauliza Kocha, macho yake kwenye kikombe.

— Si wewe na mbio zako!

Kocha ndiye aliyemwambia: dawa ya moto ni moto, kwa hiyo dawa ya uchovu ni kuchoka. Jumamosi alfajiri Spoku akamtoa mkewe kwenda kuzunguka uwanja wa shule. Mzunguko wa kwanza alijikaza. Wa pili magoti yakamgoma, akarudishwa nyumbani juu ya keria la baiskeli kama gunia, na hadi leo hata mwanga wa dirishani ulikuwa unamuumiza.

— Mlikatisha, akasema Kocha. Mzunguko wa tatu ndio ungemponya.

— Wa tatu ungemzika!

— Basi, basi, akaingilia Mahakama. Tusikilize shauri kwa utaratibu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sasa nakuuliza, fundi, mashuka mmebadilisha lini?

— Mashuka yanahusikaje?

— Methali imesema nguoni. Mimi sikuitunga.

Dokta Bando alikuwa tayari ana simu puani.

— Nyie wote mko nyuma. Mwili ni betri, sawa? Betri inachajiwa na nini? Na ardhi. Sasa Mama Pacha anakanyaga nini? Ndala. Ndala ni mpira, na mpira hauruhusu umeme upite. Mwaka mzima hajachajiwa!

— Lakini alivaa ndala maisha yake yote, akasema Spoku.

— Ndiyo maana ikaisha!

Birika akamimina kahawa. Spoku alijua ni upuuzi. Hata hivyo alijikuta anawaza kwamba nyuma ya nyumba kuna sehemu yenye udongo mtupu, na kwamba mkewe anaweza kukaa pale peku, kivulini. Hivyo ndivyo alivyokuwa siku hizi. Hakuna neno lililopita bila kuligeuza-geuza kuona kama lina tiba ndani. Hofu ilikuwa imemfanya kama mtu aliyepoteza ufunguo, anautafuta hadi kwenye chungu cha mboga.

— Ngoja nitoe hukumu, akasema Mahakama. Duniani kuna mgonjwa na kuna mvivu. Vipimo vikisema huumwi, hukumu ni...

Spoku aliinuka na spana mkononi. Ubao ukainama, kahawa ya Kocha ikamwagika mapajani.

— Rudia hilo neno.

— Nilikuwa nataja sheria tu, bwana.

— Rudia! Mama yangu mzazi ameshalisema, na nimemwomba asije kwangu kwa muda. Wewe utaniambia nini? Yule mwanamke alisomesha pacha wawili kwa vidole vyake. Leo chanuo linamwelemea. Mvivu analia kwa sababu hawezi kufanya kazi?

Baiskeli ya mteja ilikuwa bado miguu juu.

— Nafuta kauli, akasema Mahakama kwa sauti ndogo. Kaa, ndugu yangu. Ulimi hauna mfupa.

Spoku akakaa. Spana akaiweka chini ya kitambaa cha grisi.

Ni Dokta Bando aliyeanza tena, na kwa vile wote walikuwa na aibu, wakampa nafasi.

— Nimeipata. Hii ndiyo yenyewe. Kuna jamaa huku alichoka miaka saba. Wakamfukia kwenye mchanga mbichi mpaka shingoni, kutwa nzima. Alipotoka, anaruka kamba.

— Mpaka shingoni? akauliza Kocha.

— Kichwa nje. Si mazishi.

— Mchumia juani hulia kivulini, akasema Mahakama. Maana yake achimbiwe juani, asije akalia.

— Mchanga upo, akasema Kocha, ambaye alikuwa anatafuta namna ya kulipia Jumamosi. Pale wanapojenga duka. Nitaongea na msimamizi. Mimi nachimba, Bando anasoma maelekezo.

— Upana gani? akauliza Spoku.

Alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, akaona Birika amesimama na birika hewani, anamtazama. Lakini hakuweza kuacha. Tayari alikuwa anapima kwa macho: mabega ya mkewe ni haya, urefu ni huu, akae au asimame. Mikono yake ilichora shimo hewani. Na alipouona ule mkao wa mikono yake, akajua ni kipimo cha nini. Akaishusha mikono haraka.

Hapo akaja mwanamke mmoja, mgeni pale, kichwa kimefungwa kilemba.

— Hamjambo? Samahani, nimeelekezwa kwa msusi, Mama Pacha. Nimebisha kule, hakuna aliyefungua.

— Anaumwa, akasema Kocha. Mumewe ndiye huyu.

— Ooh, pole sana, kaka. Sikujua. Akaweka mkono kifuani. Leo ameamkaje?

Ni swali ambalo mtu huuliza bila hata kufikiri, na hujibiwa hivyo hivyo. Spoku akafungua mdomo. Akaufunga, akalizungusha gurudumu.

Mgeni akamtazama Mahakama, akidhani fundi hakusikia. Mahakama akamtazama Kocha. Kocha akajifuta kahawa ambayo ilikwisha kauka zamani. Dokta Bando akatazama simu, na safari hii simu nayo haikuwa na jibu.

Spoku hakujua. Alikuwa ametoka alfajiri kwa ncha za vidole, viatu mkononi, kabla mkewe hajafumbua macho. Jana vilevile. Na juzi. Siku nyingi hakuwa amemuuliza, kwa sababu jibu lilikuwa lile lile, na lile jibu lilimtia woga kiasi kwamba aliona heri arudi na chupa mkononi kuliko arudi mikono mitupu na kuuliza.

— Ngoja, akamwambia mgeni. Ngoja, dada.

Akaondoka bila kuaga. Nyuma yake ubao uliinuka, na Mahakama akaenda chini na hukumu zake.

Chumbani pazia lilikuwa limeshushwa. Mama Pacha amelala kwa ubavu, kanga imefunika macho. Spoku alisimama mlangoni, anaogopa swali lake mwenyewe.

— Mama Pacha.

— Mm.

— Umeamkaje?

Mkewe akaikaza kanga machoni.

— Unaniuliza, au unapima dawa?

— Nakuuliza.

Mkewe akaisogeza kanga kidogo.

— Vibaya, akasema. Mwili kama umejazwa mchanga.

Spoku akafumba macho aliposikia neno hilo. Akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda.

— Wiki iliyopita niliamka siku moja na nguvu kidogo. Daktari si alituambia? Nguvu zikipatikana kidogo, nizitumie kidogo, nipumzike kabla sijachoka. Nikasema leo nitajichana nywele, basi. Ukaingia na ile mizizi. Kila unacholeta, Baba Pacha, inabidi niamke, ninywe, nikushukuru, halafu nikudanganye kwamba naona nafuu. Sura yako ninaiona, inavyoingoja hiyo nafuu. Hiyo ndiyo kazi inayonimaliza.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ungeniacha saa ngapi niseme? Ukishasikia vibaya, umeshatoka mbio.

Nje mtu alipiga kengele ya baiskeli, ikapita. Spoku alisikia miguu yake inataka kwenda mahali, popote, kuleta kitu. Aliishika kwa mikono.

— Sasa nifanye nini?

— Kaa hapo hapo.

Akakaa. Pumzi ya mkewe ilikuwa inakwenda fupi fupi, naye akawa anaisikiliza moja moja, anaogopa kila inapochelewa. Alipodhani usingizi umemchukua, akahisi mkono wa mkewe umemgusa begani, mwepesi kama unyoya.

— Na kesho uniulize tena, akasema Mama Pacha. Nikikwambia vibaya, usikimbie.