Bata Asiyekimbia

Kijiwe cha Munsami hakina bango, wala hakilihitaji. Ukitoka mji wa Labasa kwa barabara ya malori ya miwa, ukaliona duka la bati lililopakwa rangi ya kijani upande mmoja tu kwa sababu rangi iliishia hapo, na mbele yake benchi refu ambalo mguu wake mmoja ni tofali, basi umefika. Hapo kila alasiri kava, kinywaji cha mizizi kinachotuliza mwili, hukamuliwa kwenye beseni la mbao, kifuu huzunguka, makofi hupigwa, na mambo yaliyowashinda wakubwa wa serikali kule Suva humalizwa kabla giza halijaingia. Wenye benchi ni watatu. Munsami mwenyewe, mwenye duka na mfuga bata, wanamwita Waziri kwa kuwa hajawahi kukiri kosa. Shameem, fundi seremala, ni Redio, hazimiki. Na Nemani, dereva wa zamani wa lori la miwa, ni Breki, kwa sababu lori lake ndilo halikuwa nazo. Siku hiyo Breki alifika na bata wake kwapani kama kawaida yake, ila uso ulikuwa umemshuka.

— Breki, kuna msiba? Redio aliuliza.

— Bado.

— Bado vipi? Msiba unawekewa miadi?

— Mtani wangu Sakiusa anakuja. Basi la jioni.

Redio alikirudisha kifuu chini bila kunywa, jambo ambalo kijiwe kile hakikuwahi kuliona.

Kila mtu anaujua utani wa kina Nemani na watu wa milimani, upande wa Savusavu. Mtani akija kwako anachukua alichokipenda, na kazi yako wewe ni kucheka. Ukinuna, umekiaibisha kijiji kizima. Safari iliyopita Sakiusa aliondoka na nguruwe aliyekuwa akinoneshwa kwa sikukuu ya kanisa. Nemani akacheka mpaka mbavu zikamuuma, halafu akaenda nyuma ya choo kuomboleza peke yake. Safari ya kabla ya hapo Sakiusa alichukua mlango wa jiko.

— Sasa amebaki nini cha kuchukua? aliuliza Waziri.

Nemani alishusha macho chini. Alimtazama bata aliyekuwa ameshuka na kuanza kuchokoa kamba ya kiatu cha Redio, jike mweupe mwenye baka jeusi mgongoni na vinundu vyekundu usoni, mnene, ametulia, mkia unacheza.

Kwingine kote bata yule angekuwa mchuzi, tena mzuri. Lakini Litiana, mke wa Nemani, alirudi kutoka hospitali mkono wa kushoto umejikunja ngumi, haufunguki. Mazoezi aliyoagizwa aliyafanya kwa muda akayaacha. Alisema mkono umekufa, waache kuusumbua. Ni Waziri aliyetoa wazo la bata. Na sasa kila asubuhi Litiana anatiwa wali ndani ya ile ngumi, anakaa kizingitini, na bata anakuja kuchokoa katikati ya vidole, taratibu, punje kwa punje. Inamtekenya. Vidole vinaachia. Na Litiana anacheka, kicheko ambacho Nemani alikwishakata tamaa ya kukisikia tena ndani ya nyumba yake. Angekuwa bado na lori angelitoa hilo kwanza, kuliko kumtoa huyo bata.

— Mwambie tu ukweli, alisema Waziri. Sema ni dawa ya mama.

— Nimwombe mtani huruma? Waziri, kava imekuingia. Nikimwomba huruma leo, wajukuu zangu watachekwa huko milimani mpaka wazeeke.

— Basi mfiche.

— Nimfiche wapi, ndugu yangu? Huyu hafichiki. Jana amemfuata fundi wa mita ya umeme mpaka kwa jirani. Sakiusa akishuka kwenye basi, huyu ndiye atakayekwenda kumpokea mzigo!

Redio akamnyooshea Waziri kidole.

— Haya yote umeyaleta wewe. Ndiwe uliyemfundisha Breki kuchagua bata mpole.

— Nilimfundisha sawasawa! Waziri alijiweka vizuri, kama mtu aliyeitwa jukwaani. Bata wa kuwa rafiki humchagui wewe, anakuchagua yeye. Unakaa chini katikati ya vifaranga, makalio kwenye majani, unafunga mdomo. Wanaokukimbia waache wakimbie, hao ni wa sufuria. Anayekuja mwenyewe kukuonja kidole cha mguu, huyo ndiye.

— Uongo mtupu. Bata anachaguliwa kwa macho. Akikutazama kwa jicho moja, huyo ana akili.

— Bata wote wanatazama kwa jicho moja, we Redio! Macho yao yako ubavuni!

— Ndiyo maana nasema bata wana akili.

— Huyu hakuonja kidole, alisema Nemani taratibu. Alilala juu ya kandambili ya Litiana, akasinzia. Wenzake wamekimbilia kwa mama yao, yeye amesinzia.

Waziri akaendelea, maana hotuba yake ilikuwa haijaisha.

— Na kumzoesha nilikwambia. Usimkimbize hata siku moja. Usimshike kutoka juu, kwa bata kinachotoka juu ni mwewe. Mkono upite chini, kifuani. Mlishe kiganjani, mpe maji ya kuzamisha mdomo wote mpaka puani, na asikae peke yake, bata wa peke yake anaugua. Ndiyo maana namruhusu aje kuoga na ndugu zake kwenye beseni langu hapo nyuma, bila hata shukrani.

— Basi jibu tunalo! Redio alisimama. Kama kuna njia ya kumzoesha, kuna njia ya kumtoa mazoea. Tupige kinyume tu. Mpaka basi lifike, atakuwa anachukia binadamu wote.

— Kwa alasiri moja?

— Mimi nilimchukia baba mkwe kwa dakika moja. Tazama.

Redio akajitanua, akapunga mikono, akamfokea bata.

— Wee! Toka hapa! Shetani mkubwa wee!

Bata aliinua shingo, akatikisa mkia, akamjia mbio mbio mdomo wazi.

— Anadhani unamwita kula, alisema Waziri.

— Hajasoma huyu. Ngoja niwe mwewe.

Redio akachukua gunia tupu la unga, akapanda juu ya benchi, akalitandaza kama mabawa, akapiga ukelele. Tofali likateleza. Benchi likaenda upande, Redio akaenda upande mwingine, na Nemani akaliwahi beseni la kava kwa mikono yote miwili kama mtu anayeokoa mtoto mtoni. Redio alipofumbua macho, bata alikuwa pembeni yake anamchokoa sikio kwa huruma.

— Amevunjika? aliuliza Nemani.

— Mguu nausikia. Mgongo bado.

— Namuuliza bata.

Walimwinua Redio, wakalirudisha tofali, wakazungusha kifuu kimoja cha kutuliza moyo. Jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa barabara. Nemani alianza kugongagonga goti lake kwa vidole, kama alivyokuwa akifanya zamani akishuka mlima na lori lile.

— Nimepata, alisema Waziri. Tumvike shada la maua. Tuseme amewekwa nadhiri hekaluni kwetu, haliwi.

— Waziri, mimi ni Mmethodisti. Bata wangu anaweka nadhiri hekaluni kwa habari gani?

— Amebadili dini.

— Bila kuniambia?

— Tumpake masizi, alisema Redio huku akijikanda kiuno. Mwili mzima. Tuseme ni kunguru aliyenenepa kwa miwa.

— Kunguru ana miguu ya kuogelea?

— Kunguru wa pwani! Mtu wa milimani atajuaje?

— Hapana, hapana, alisema Waziri, na macho yake yaling'aa vibaya. Sikilizeni. Mtani anachukua mali. Hachukui mtu. Sivyo?

— Ndivyo.

— Basi bata awe mtu.

Honi ya basi ilisikika kwenye kona ya mashamba. Hakukuwa na wakati wa kupata wazo lenye akili. Waziri akalinyakua lile gunia, Nemani akamwinua bata, mkono kifuani kama alivyofundishwa, wakamfunga shingo na mabawa, wakamfunika uso kwa kitambaa cha kufutia vifuu. Bata hakupinga hata kidogo. Waziri akampakata, akaanza kubembea na kuimba kwa sauti ya puani.

Sakiusa alishuka na kikapu, mtu mpana, hatua za polepole, kicheko kimeshaanza kabla mguu haujagusa vumbi.

— Enyi wala kaa wa pwani! Bado hamjafa?

— Tunakusubiri wewe utangulie, utuonyeshe njia, Nemani alimjibu.

Walikumbatiana, wakapigana migongo. Sakiusa alipokea kifuu, akapiga kofi, akanywa, akapigiwa makofi. Kisha akamtazama Waziri.

— Hongera, mzee. Mjukuu?

— Ee. Mjukuu. Analala.

Kitambaa kikatikisika. Mdomo bapa ukatokea, ukafuatiwa na jicho moja.

Sakiusa aliinama, akatazama mdomo ule, akatazama pua ya Waziri, akarudi tena kwenye mdomo.

— Damu nzito hiyo, alisema. Amekufuata wewe.

Redio alipasuka kicheko, Waziri akaachia mikono, na gunia likafunguka. Bata alitua chini, akajikung'uta, akawatazama wote mmoja mmoja. Nemani alimwomba moyoni akimbie. Kimbia, mama, mara moja tu katika maisha yako, kimbia. Bata akatembea moja kwa moja kwa Sakiusa, akaupanda mguu wake, akakaa.

Sakiusa aliweka kikapu chini. Akamwinua, akampima uzito, akamminya kifuani kama mtu anayeijua kazi yake. Bata akamlazia shingo kwenye mkono. Kicheko cha Sakiusa kilianza kupungua.

— Mbona hakimbii? aliuliza.

Redio, ambaye hazimiki, alizimika. Waziri alitazama tofali la benchi kana kwamba limeandikwa kitu.

— Nawauliza, jamani. Nimechukua kuku, nimechukua nguruwe. Hata ule mlango wa jiko ulipigana nami. Huyu mbona hakimbii?

Nemani alikuwa na uongo wa kutosha, walioutunga alasiri yote: nadhiri, kunguru, mjukuu. Alipoutafuta mdomoni hakuukuta. Alichokiona ni kizingiti cha nyumba yake kesho asubuhi, na Litiana amekaa na wali ndani ya ngumi, hakuna anayekuja.

— Hajawahi kukimbizwa, alisema. Tangu kuzaliwa. Litiana anamlisha kwa mkono ule uliokataa. Akichokoa, vidole vinaachia.

— Vinaachia?

— Vinaachia. Anacheka pia.

Sakiusa alisimama vile vile na bata mikononi. Lori la miwa lilipita, likamwaga vumbi lake, likaenda.

— Nilisikia aliugua, alisema mwishowe. Mambo ya mkono sikuambiwa.

Akainama, akamteremsha bata polepole mpaka miguu yake ikagusa ardhi. Kisha akamgeukia Nemani, uso umekaza.

— Kumbe umeniomba huruma.

— Sijakuomba. Umeuliza, nimejibu.

— Hasa?

— Hasa.

— Afadhali. Maana ungeniomba, ningemchukua. Akamtazama juu mpaka chini. Lakini mikono mitupu sirudi. Kule watasema nimezeeka. Vua shati.

— Hili?

— Hilo hilo, lenye maua.

Nemani alifungua vifungo pale pale barabarani, na kila kifungo alichofungua ni kama kinamfungulia pumzi. Kicheko kilimjia chenyewe, hakukisukuma. Akampa mtani wake shati, akabaki tumbo wazi mbele ya duka, mwenye furaha kuliko mtu yeyote kutoka Labasa mpaka baharini. Sakiusa alilivaa juu ya lake. Vifungo havikukutana hata kwa kulazimishwa.

— Limekukaa, alisema Redio, redio imewaka tena. Limekukaa kama ganda kwenye boga.

— Mwongezeeni kava huyo fundi, alisema Sakiusa, asije akaongea zaidi.

Hawakukaa sana baada ya hapo. Nemani na mgeni wake waliifuata njia ya kwenda nyumbani. Litiana alikuwa amekaa kizingitini tangu alipolisikia basi, hajawasha moto, hajafanya lolote. Hakumtazama mumewe usoni, wala hakuuliza shati liko wapi. Alitazama chini, nyuma ya visigino vyao, akachungulia huku na huku, mpaka akamwona anakuja taratibu, anayumba, mkia unacheza.

— Karibuni, alisema.

Sakiusa alivua viatu, akakaa chini kwenye majani, akafunga mdomo, akampisha bata apite.