Alipookotea Uyoga

“Uyoga mzuri huo, mzee. Umeuokota wapi?”

“Msituni,” alijibu Mzee Zenon, kama ambavyo angejibu muokota uyoga yeyote wa Poland. Swali gani hilo la kuulizana kwenye basi.

Mwanamke aliyeketi karibu naye alicheka kidogo. “Baba yangu hivyo hivyo. Kila majani yakianza kupukutika anatupeleka, lakini anatuzungusha weee, ili tusiijue njia. Jioni mama anaukaanga kwa siagi, nyumba nzima inanukia. Tunamwambia baba, utakufa na siri yako. Anacheka tu.”

“Mtu haonyeshi pake,” alisema Zenon. “Hata kwa mtoto wa kumzaa.”

“Ndiyo hivyo. Alhamisi alitoka na baiskeli, mpaka leo hajarudi. Polisi walileta mbwa, mvua ikawa imeshafuta harufu. Wananiuliza, huwa anaokotea wapi? Mimi mwanawe, sijui.”

Zenon aliuliza taratibu, “Baiskeli ya rangi gani?”

“Kijani. Nyuma ina kreti ya maziwa.”

Alikuwa ameiona asubuhi ile, imeegemea mti, kiti chake kimefunikwa na majani. Ilimuudhi kwamba kumbe kuna mwingine anayepajua pale, akajaza kapu lake upesi na kuondoka kimyakimya asije akaonwa.

Basi liliposimama kwenye kituo cha yule mwanamke, Zenon alishuka naye, ingawa kwake kulikuwa bado mbali. Kapu la uyoga lilibaki kitini.