Msanifu wa Pakiti za Chumvi, Kama Alivyosomwa na Kaka Yake

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, katika chumba cha nyuma cha nyumba ile ile tulikotoka na jeneza asubuhi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wake, na kaka yake, ambaye ndiye aliyekabidhiwa karatasi hii aisome, alikuwa na miaka sita na alishazoea kupendwa peke yake.

Alianza shule ya msingi Januari 1988, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1995, akamaliza Novemba 2000, na muda wote huo hakuna ukuta, daftari wala unga uliomwagika mezani uliosalimika na vidole vyake, alichora popote, wala hakuchapwa, ingawa kaka mtu kwa kosa hilo hilo alichapwa.

Septemba 2001 alichaguliwa kusomea shahada ya usanifu wa michoro, miaka minne, na baba yao, aliyekuwa akisambaza mikate kwa pikapu, akaiuza pikapu hiyo ili alipe ada, pikapu ambayo kaka alikuwa akiiendesha tangu amalize kidato cha nne kwa ahadi kwamba itakuwa yake. Kaka alipiga hesabu mbele ya wote, kwamba ada ya mwaka mmoja inameza mauzo ya mikate ya miezi minane, kwamba kwa miaka minne mtu haingizi hata senti, halafu mwishoni anaajiriwa kupanga herufi kwenye pakiti ya sabuni, kazi isiyoifanya sabuni inukie zaidi. Baba akamwambia ale, chakula kinapoa.

Alihitimu tarehe 19 Novemba 2005, akaajiriwa Januari iliyofuata katika kiwanda cha vifungashio, kwa mshahara uliokuwa chini ya ule wa kaka yake, ambaye sasa alikuwa dereva wa lori la saruji, na wiki ile kaka alitembea kifua mbele, akawasimulia hata watu asiowajua. Mwaka 2012 akawa mkuu wa chumba cha usanifu, hesabu ikapinduka, na kaka akaacha kuisimulia. Ni haki kuongeza kwamba wengi mlioketi hapa mlichorewa kadi za harusi bure, mkaomba na marekebisho, wenyewe mnajijua.

Lakini si mshahara uliomuuma kaka. Marehemu alisanifu pakiti ya chumvi, mama akainunua hata pale chumvi ilipokuwa bado tele jikoni, akaiweka kabatini nyuma ya kioo, na kila mgeni akaitwa kuiona. Kaka amebeba saruji iliyojenga nusu ya mji huu, ila safari haiwekwi kabatini.

Alifunga ndoa tarehe 7 Agosti 2010 na fundi wa mashine za kuchapisha, mtu mpole, hawakujaliwa mtoto, na marehemu akampenda mno binti wa kaka yake, hata binti akaanza kuchora kama shangazi, kuongea kama shangazi, na kucheka akiziba mdomo kama shangazi. Mwaka 2022 alijitolea kumsomesha shahada ile ile, kaka akakataa, akisema usanifu haulipi, na binti akaenda kukaa kwenye duka la fotokopi.

Februari 2023 marehemu aligundulika kuwa na kansa ya ini. Wiki zake za mwisho alizitumia kitandani akimsahihisha binti michoro, dripu ikiwa mkononi, na kaka alipowakuta hivyo alisimama mlangoni na kuona wivu, ndiyo, mtu mzima kumwonea wivu mgonjwa. Alifariki tarehe 3 Septemba 2024, alfajiri, binti akiwa amemshika mkono.

Shemeji ametueleza kwamba marehemu ameacha ada ya miaka yote minne kwa ajili ya binti huyo, na familia imemwagiza msomaji atangaze kwamba imepokelewa kwa shukrani. Msomaji hatangazi hivyo. Fedha zibaki kwa shemeji, binti ataingia chuo mwezi ujao, na jana kaka alitia sahihi mkopo katika chama cha akiba cha madereva, akijua vizuri kuliko yeyote hapa kwamba kwa hesabu haulipi, kwa sababu mtoto huyu akisomeshwa na shangazi atakuwa wa shangazi mpaka kaburini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliofungua nyumba zao kwa wageni, na wafanyakazi wenzake waliokuja mabasi mawili, kaka ameyatazama yote mawili na kujiuliza kama madereva watajaza hata moja.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Huyu mtoto niachie mimi.