Mwalimu Aleyamma Kuruvila: Maisha kwa Kalamu ya Wino

Mwalimu Aleyamma alizaliwa tarehe 14 Juni 1951 huko Pala, wilaya ya Kottayam, Kerala, mtoto wa tano wa marehemu Ouseph na marehemu Mariam.

Alianza shule ya parokia mwaka 1957. Alipofika darasa la tano baba yake alimnunulia kalamu ya wino, ile ya kujazwa kutoka chupani, na tangu hapo hakutaka kalamu nyingine ya namna yoyote. Mwenzake akiishiwa wino katikati ya mtihani, Aleyamma alimdondoshea matone juu ya dawati, naye akayafyonza kwa kalamu yake. Wapo hapa leo waliofaulu kwa matone hayo.

Alifundisha Kimalayalam kwa miaka thelathini na mbili. Alisahihisha kwa wino wa kijani aliouchanganya mwenyewe. Mwalimu mkuu akamwonya kwamba kijani ni cha maafisa wakubwa wa serikali. Akajibu kwa upole, "Siku wakija kusahihisha insha hizi, nitawaachia wino wao."

Tarehe 3 Februari 1975 alifunga ndoa na Bwana Kuruvila, mkulima wa mpira. Walijaliwa Jose na Lissy. Mwaka 2013 Lissy aliolewa Mysuru na Prakash, kijana wa dini nyingine, na Bwana Kuruvila akaacha kabisa kusema na Lissy. Kila Jumapili baada ya misa Mwalimu alimwandikia binti yake. Bwana Kuruvila ndiye aliyezipeleka barua hizo posta, miaka tisa, bila kuuliza ni za nani.

Machi 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Juni alifanyiwa upasuaji ulioondoa sauti yake kabisa. Jose alimletea simu ya kuandikia. Akaisukuma kando, akaomba daftari. Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani alimwandikia mumewe, kwa mwandiko ule ule uliosimama wima:

"Baba Jose, mimi siwezi tena kumwita mwanangu. Wewe unaweza."

Bwana Kuruvila alikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa. Kisha akapiga simu. Alisema tu, "Lissy, mwanangu, njoo nyumbani. Njooni wote." Walikuja kesho yake, Lissy, Prakash na mtoto wao Meera, na Bwana Kuruvila mwenyewe akawapikia muhogo na samaki. Lissy hakuondoka tena kando ya mama yake.

Mwalimu alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 18 Oktoba 2022, nyumbani kwake. Akina mama waliomwosha walitaka kumsugua wino uliobaki kwenye kidole. Bwana Kuruvila akasema, "Uacheni. Aende nao."

Ameacha mume, watoto wawili, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, na mdogo wake Thankachan, anayewasomea haya.

Dada, umeshaandika vya kutosha. Mungu akupe pumziko na amani.