Udongo Uliokwenda na Mto

Baada ya mvua ya Elinino, Amolo, fundi wa kiwanda cha chai, alipanda basi la Sotik akaketi nyuma ya watu wawili wasiojuana. Mzee mmoja alikuwa akimshauri mama aliyekaa kando yake apande nyasi za nepia kuzuia mmomonyoko wa udongo.

"Nipande wapi, mzee? Kiangazi kilipasua shamba, mvua ikabeba udongo. Imebaki mawe tu."

"Udongo hurudi, mama. Weka samadi, ungoje."

"Hata kaburi ya bwana yangu ilienda na mto. Hiyo pia ningoje?"

Mzee alikohoa, kisha akasema nepia ingesaidia upande wa juu wa shamba. Amolo alitamani mzee anyamaze.

Basi likasimama. Mama akashuka, akakanyaga tope jekundu lililofunika barabara, udongo wa shamba la mtu mwingine.