Injini Iliyopumzishwa

Ndani ya gari la kwenda Korbesa, Mama Sabdio aliwasikiliza wanaume wawili wa kiti cha mbele. Huqa, mwenye boti ya kuvusha watu mto ukifurika, alisema injini yake haihitaji fundi. "Imepumzika tangu mafuriko ya mwaka jana. Ngamia akipumzika si ananenepa?"

Mama Sabdio hakuwahi kuona ngamia akinenepa kwa kufungwa mtini.

"Petroli ikilala inaharibika, mzee," dereva alisema. "Na matope inaziba njia ya maji ya kupoza injini. Ukiwasha usione hiyo maji ikiruka nyuma, zima, ita fundi."

"Mwaka jana haikuruka, na tulivuka."

Gari likasimama. Mto ulikuwa umejaa, na nyumbani kwake ni ng'ambo. Mama Sabdio alishuka, akamuuliza Huqa kwa upole kama makasia yapo.