Mwalimu Aliyemtaja Obakeng

Wazee wetu, ndugu, majirani, wanafunzi wa zamani wa Mwalimu, ninyi mliokesha nasi na ninyi mliofika alfajiri hii kutoka Moshupa, Jwaneng na Gaborone, familia inawaomba mketi, wenye baridi wasogee karibu na moto, ili msomewe maisha ya mpendwa wetu kama yeye mwenyewe alivyotaka yasomwe, pasipo kurukwa neno.

Mwalimu Tshenolo Moatlhodi alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Moshupa, mtoto wa tatu wa Rra Moatlhodi na mkewe Mma Kelebonye, wote wametangulia. Alichunga mbuzi hadi alipofikisha miaka tisa, ndipo shangazi yake aliposhikilia kwamba apelekwe shule, akasoma hapo Moshupa, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Lobatse, akahitimu mwaka 1968. Alifundisha vijiji kadhaa vya kusini, na tarehe 2 Septemba 1972 akafunga ndoa na Seipati Kebadire wa hapa Kanye, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu, Tefo, Lesego na Boipelo, na tangu siku aliyozaliwa Tefo watu wote wa mji huu wakamwita Rra Tefo, yaani Baba Tefo.

Mwaka 1981 alikabidhiwa ukuu wa shule ya sekondari hapa mjini, na kilichompa jina kuliko yote ni hotuba yake ya kuwaaga wahitimu, iliyowafanya wazazi waje hata wasiokuwa na mtoto anayemaliza. Aliwaambia vijana wasiingie kwenye kazi ambayo miguu inaingia na moyo unabaki mlangoni, watafute kitu kinachowaamsha kabla ya kuamshwa, na wakikipata wakishike.

Tarehe 17 Novemba 1989, hotuba ikiwa imepamba moto, alimtaja mhitimu mmoja kwa jina mbele ya wazazi wote, Obakeng Keoagile, mtoto pekee wa Rra Obakeng, kijana aliyeweza kuiga sauti ya ndege yeyote hadi ndege mwenyewe akajibu, na ambaye tayari alikuwa amepata nafasi ya kwenda kufunzwa kazi ya mgodini. Mwalimu alisema kumpeleka mtoto yule chini ya ardhi ni kumzika. Watu walicheka na kupiga makofi, na Januari iliyofuata Obakeng aliuacha mgodi, akapanda lori hadi Maun, akawa msukuma mtumbwi kwenye vinamasi vya Okavango, akiwaonyesha wageni ndege.

Tarehe 7 Agosti 1992 kiboko aliupindua mtumbwi wake. Obakeng aliwasukuma wageni wawili hadi kwenye matete, wakapona, na yeye hakutoka. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Baada ya mazishi baba yake alikuja shuleni, akakataa kiti, akasema, “Mwalimu, nilikuletea mtoto umfundishe kusoma. Habari za moyo wake, nani alikutuma?”

Toka siku hiyo Mwalimu aliacha kuhutubia, kazi hiyo ikawa ya makamu wake, na kila shule ilipofungwa alikwenda kwenye kambi ya ng'ombe ya mzee yule, kule upande wa jangwani, kumsaidia kazi ambazo mtoto angemsaidia, kuteka maji, kukarabati zizi la miiba, kutafuta ng'ombe waliopotea. Mara ya kwanza mzee alimwacha amesimama nje ya zizi hadi jua likazama. Mjane wa Mwalimu, Seipati, anasema kilichomuumiza mumewe zaidi ya kazi yenyewe ni salamu, kwa kuwa mzee alikuwa bado Rra Obakeng, hana jina jingine, na kila asubuhi Mwalimu alilazimika kulitamka jina la mtoto yule kabla ya kuomba ndoo.

Mwaka 1998, wakiwa wanakunywa maziwa ya mgando, mzee alimuuliza kama ni kweli ameacha kusema na watoto. Mwalimu akaitikia kwamba ni kweli.

“Nilimfuata mtoto kule Maun mara moja, ili nimrudishe,” mzee akasema. “Nikamkuta anacheka peke yake juu ya maji. Nikarudi bila yeye. Sijakusamehe, Rra Tefo. Lakini kawaambie watoto, na safari hii uwaambie kwamba na kiboko yupo.”

Novemba hiyo Mwalimu alisimama tena, bila utani, akawaambia wahitimu wapende wanachokipenda kwa nguvu zote, ila wajue kina gharama, na sehemu ya gharama hiyo italipwa na mtu aliyebaki nyumbani, basi wakazungumze naye kabla ya kuondoka. Hakumtaja tena mtu kwa jina. Aliendelea hivyo hadi alipostaafu mwaka 2006, na waliomsikia wapo hapa leo, wauguzi, mafundi, wafugaji, wachoraji, lakini wanawe wanajua kwamba kila aliposhukuriwa alitazama chini.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alifariki tarehe 9 Julai 2022, saa kumi alasiri, mikononi mwa mkewe, akiwa ameagiza kwamba asisifiwe kwa wanafunzi waliopaa bila kutajwa yule aliyezama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochanja kuni na kupika usiku kucha, walimu wenzake, na wanafunzi wake waliochimba kaburi kwa mikono yao. Inamshukuru kipekee Rra Obakeng, ambaye amevuka miaka themanini na amekuja na fimbo yake tangu Jumatano. Ameomba vijana watakapoanza kufukia, wamwachie yeye koleo la kwanza la udongo, na alipoulizwa sababu alisema tu kwamba mtu huyu alimsaidia kazi. Familia imekubali.

Rra Tefo, umechoka, weka mzigo chini sasa. Pumzika kwa amani.